Jeto Mbili Nilizozitundika

Kosa ni langu. Naanza hapo kwa sababu kwa miaka tisa nimekuwa nikianzia mahali pengine: upepo, wakubwa, wageni, ziwa lenyewe. Nikimaliza kuyataja hayo yote nabaki na mkono huu wangu wa kuume, na ndio uliofanya kazi ile.

Jina langu sitaliandika. Watu wa Likasi, mji wetu wa migodi, watakaosoma haya watanijua, hasa wa kambi ya wafanyakazi ya Panda, na wakinijua basi. Nimechoka kujificha, lakini kusimama mbele za watu bado siwezi. Ngoja nikuelezee wewe peke yako, kama vile tumekaa mimi na wewe kwenye baraza.

Kazi yangu ilikuwa atelye, yaani karakana, kutengeneza pampu za kampuni ya migodi. Mlangoni kulikuwa na tablo, ubao mpana wenye misumari na namba. Kila mfanyakazi alikuwa na jeto, kibati kidogo cha duara chenye namba yake. Ukifika asubuhi unatundika jeto kwenye msumari wako. Saa moja kamili karani anapita na daftari lake, na msumari akiukuta mtupu, wewe hukuja kazini. Hata kama umesimama hapo hapo ukimwangalia.

Ilunga alikuwa jirani yangu wa kambi na mwenzangu wa meza moja pale atelye. Mtu mzuri, mcheshi, ila Jumatatu zake zilikuwa za shida. Kila Jumapili alikwenda Kapolowe kumwona mama yake, akalala huko, na Jumatatu alfajiri akakanyaga baiskeli mpaka Likasi. Mwendo ule si mchezo. Mara nyingi alifika saa mbili, jasho linamtiririka hadi kwenye soksi.

Sasa nifanyeje? Jumamosi aliniachia jeto yake, na Jumatatu nilitundika mbili, yangu na yake. Tulifanya hivyo miaka mingi. Si sisi tu, nusu ya atelye walitundikiana, na hakuna aliyeona kwamba ni wizi. Ulikuwa ni undugu.

“Weye njo ndugu yangu,” aliniambia kila Jumatatu akiegesha baiskeli. “Bila weye bangenifukuza zamani.”

Nami nilifurahi kuambiwa hivyo. Nakiri, nilifurahi sana.

Kampuni ilikuwa na serkle, klabu ya wafanyakazi, na serkle ilikuwa na kibanda kando ya ziwa la Kapolowe. Wazungu walipoondoka waliacha mle kayaki kumi na nne, vyombo vyembamba vya mbao na turubai vya kukaa mtu mmoja. Zikakaa na popo. Mimi kabla ya kuingia atelye nilikuwa kijana wa kupaka rangi vyombo hivyo na kuziba matundu, na kuendesha nilijifunzia hapo, Wazungu wakiwa wamelala mchana. Kwa hiyo prezida wa serkle alipotangaza kwamba na sisi raia tuna haki ya kutembea juu ya maji siku ya Jumapili, niliitwa mimi niwe moniteri, mwalimu na kiongozi wa safari.

Niliipenda kazi ile kuliko pampu. Kamio, lori la kampuni, ilitubeba asubuhi baada ya misa, makarani, mafundi umeme, walimu, wake na waume, watu ambao hawakuwa wameshika kafi hata siku moja. Wengi hawakujua kuogelea. Hapo ndipo nilipokuwa mkali. Walinicheka, wakaniita Komanda, wakapiga saluti nikipita. Nilikubali utani, lakini sheria sikulegeza.

Sheria zangu zilikuwa hizi. Huingii majini bila mwenzako wa kukuangalia. Mtu wa mbele ni mimi, mtu wa nyuma ni Ilunga, na hakuna anayenipita mimi wala anayebaki nyuma ya Ilunga. Nikipiga filimbi mara mbili wote tunarudi, hata kama ndio kwanza umenogewa.

Na jeto. Hiyo niliitoa atelye, na niliionea fahari. Nilipigilia tablo kwenye ukuta wa kibanda, nikakata vibati vya namba. Unapokwenda majini unaitoa jeto yako kwenye msumari na kuitia katika kopo la maziwa lililokaa chini ya tablo. Ukirudi unaitafuta katika kopo na kuitundika mwenyewe. Mwenyewe, kwa mkono wako. Mtu akiangalia tablo anajua papo hapo nani yuko nchi kavu na nani bado yuko ziwani.

Maneno niliyowafundisha mpaka wakayajua kama sala ni haya: ukipinduka, usiogelee. Kamata kayaki, usiiachie. Tablo itakutafuta.

Maana ziwa lile si bwawa la kuogelea. Ni maji ya mto yaliyozuiwa na baraji, ukuta mkubwa wa zege, na chini yake kuna msitu mzima uliozama. Visiki vimejitokeza kila mahali, vingine juu ya maji, vingine chini kidogo ambavyo huvioni. Mtu akiogelea kati ya visiki wakati wa upepo anapigwa, anachoka, anazama. Akishika chombo chake anaelea, na boti ya mota inakwenda kumchukua.

Boti ya mota ilikuwa moja tu. Aliyeiendesha ni Papa Saidi, mzee wa watu wa Kasongo, mpole, asiyependa maneno mengi. Alikuwa na sheria yake moja: kama tablo haijajaa, boti haiondoki ufukweni kwa shughuli nyingine yoyote. Mtu yeyote aliyekuwa majini alijua hilo. Ilunga alilijua kuliko wote.

Sasa naifikia Jumapili yenyewe.

Ilikuwa mwezi wa saba, wakati wa baridi, ambapo asubuhi maji yametulia na baada ya saa nane upepo unaamka. Tulikuwa watu kumi na wawili. Aliyekuwa mpya ni Ngoie, mwalimu wa kushona wa wanawake wa kambi. Ilikuwa safari yake ya tatu. Mwanamke mwenye bidii lakini mwoga wa maji, kwa hiyo nilimpanga awe na Ilunga nyuma kabisa, mahali salama zaidi katika mstari wangu.

Siku hiyo prezida alikuja na wageni wake wanne kutoka Lubumbashi, wenye abakosti, suti za wakubwa za siku zile, zilizopigwa pasi vizuri. Walitaka kuvushwa kwa boti hadi ng'ambo kuliona baraji. Jile, fulana za kuelea, hazikutosha, wageni wakapewa mbili. Mimi na Ilunga tukaenda bila jile, kama tulivyozoea wageni wakija, kwa sababu sisi ndio wenye kujua maji. Hilo nalo liandike upande wangu.

Saa nane niliona maji yanaanza kukunjamana. Nikapiga filimbi mara mbili. Tulikuwa mbali kidogo, na upepo ulitawanya mstari. Mimi mtu wa mbele nikafika kwanza, nikawapokea wengine mmoja mmoja, nikawavutia vyombo mchangani. Kila mtu alikwenda kwenye tablo akatundika jeto yake. Nilihesabu watu kumi, na mimi nikiwa ndani.

Prezida alikuwa amesimama karibu na boti na wageni wake. Mmoja wa wageni alitazama saa, akatazama tena. Prezida akaniita kwa neno la raia, kama ilivyoamriwa siku zile.

“Citoyen moniteri, tunangoya nini? Bageni bameisha kuchoka.”

Papa Saidi alijibu kabla yangu. “Kuko misumari mbili yenye haina jeto. Minye siendi.”

“Ni nani?”

“Ilunga na ule mama wa kushona,” nikasema.

Watu waliokuwa karibu wakaangaliana, mmoja akacheka puani. Unajua kambi zetu. Ilunga alikuwa na mke, Ngoie hakuwa na mume, na kwa safari tatu tu alizokaa karibu naye midomo ilikuwa imeanza kuchezacheza. Nilikasirika kwa ajili ya rafiki yangu. Niliona wazi kitakachofuata: prezida atauliza kwa sauti, wageni watacheka, na jioni maneno yatamfikia mama Monga, mke wa Ilunga, kabla ya mwenyewe kufika.

Tena nilijua yuko wapi. Nasema nilijua, kumbe nilidhani. Kila Jumapili Ilunga alipita nyuma ya matete, kwenye kiegesho cha wavuvi, kumtafutia mama yake samaki. Nilitazama upande huo nikaona kitu cha manjano kikisogea kati ya matete, na kayaki ya Ngoie ilikuwa ya manjano. Nikasema moyoni, basi, wameshafika nchi kavu, hao hapo.

Prezida akamgeukia Papa Saidi akasema jambo nisilolisikia. Papa Saidi akatikisa kichwa.

Nikaingia kibandani. Ndani hapakuwa na mtu. Kopo la maziwa lilikuwa na jeto mbili chini. Nilizichota kwa vidole viwili, nikazitundika, saba na kumi na moja. Haikuchukua muda hata wa kukohoa. Sikusita. Mkono ulikuwa umeizoea kazi hiyo Jumatatu zote zile.

Nikatoka nikasema, “Papa Saidi, bameisha kufika. Tablo imejaa.”

Mzee alikuja mwenyewe akachungulia kwa mlango. Akahesabu misumari kwa kidole. Akaangalia ndani ya kopo. Kisha akaenda akawasha mota, wageni wakapanda na jile zao, na boti ikaondoka kuelekea ng'ambo.

Nilijisikia vizuri. Nimemwokoa Ilunga tena, nilisema. Kesho ataniambia mimi ndugu yake.

Nilifunga kayaki, nikawaambia watu wapande kamio wajikinge upepo. Halafu nikatembea taratibu kwenda kwa wavuvi kumcheka Ilunga na samaki zake. Si mbali, robo saa kwa miguu. Nikakuta wavuvi watatu wanashona nyavu, na kwenye matete turubai la manjano limefunikwa juu ya mtumbwi, upepo unalipeperusha.

“Ilunga yuko wapi?”

“Leo hatuyamuona,” mmoja akasema.

Ndugu yangu, kuna baridi inayoingia mwilini kutoka nje, na kuna nyingine. Nilikimbia kurudi. Nilikimbia huku nikiangalia ziwa, na ziwa lote lilikuwa jeupe kwa mawimbi madogo madogo, na visiki vyeusi, na kila kisiki kilikuwa kichwa cha mtu.

Boti haikuwapo. Niliangalia ng'ambo nisiione hata moshi wake. Nilipuliza filimbi mpaka midomo ikauma, na upepo ulikuwa unanivumia usoni, sauti yote inarudi nyuma yangu kwa watu wa kamio. Waliposhuka kuuliza kuna nini nikawaambia wawaombe wavuvi watoe mitumbwi. Wavuvi walikuja, wakatazama maji, wakakataa. Siwalaumu. Mitumbwi yao ilikuwa ya kusukumwa kwa upondo kwenye maji ya utulivu.

Nikachukua kayaki nikaingia peke yangu, kinyume cha sheria zangu zote. Sikufika mbali. Upepo ulinigeuza ubavu, kisiki nisichokiona kikapasua turubai chini ya magoti yangu, maji yakaingia. Nilirudi nikiwa nimekaa ndani ya maji mpaka kiunoni, nikaburuta chombo, nikatoa kingine. Mafundi wawili wa umeme wakanishika mikono. Nilipigana nao. Wakanikalisha chini kwenye mchanga na mmoja akanikalia miguu.

Hapo nilikaa. Hakuna kitu cha kufanya. Nilijua kila kitu kuhusu kuokoa mtu ziwani, nilikuwa nimewafundisha watu wote wale, na hapakuwa na hata kimoja ninachoweza kukifanya isipokuwa kungoja boti niliyoiondosha mwenyewe kwa mdomo wangu.

Ilirudi jua likiwa chini. Nilimpungia Papa Saidi akiwa bado mbali, akaelewa, akawashusha wageni haraka. Lakini kwanza aliingia kibandani. Nilimfuata. Alisimama mbele ya tablo iliyojaa, jeto zote zimetulia kwenye misumari yake.

“Iko yote,” akasema. “Sasa nani anakosa?”

“Ilunga na Ngoie.”

“Nani alibatundikia?”

Watu walikuwa mlangoni. Prezida alikuwa mlangoni. Nikasema, “Sijui. Nilikuta imejaa.”

Mzee aliniangalia kidogo tu, kisha akatoka. Alimpata Ngoie kabla ya giza, amekumbatia kayaki yake iliyopinduka katikati ya visiki, ana jile, hawezi kufungua vidole. Ilunga hakuwa naye. Wavuvi walimwona siku ya tatu kwenye matete, upande ambao hakuna mtu aliyefikiria kumtafuta.

Uongo wangu ule wa maneno matatu ndio uliozaa mengine yote. Kampuni ilifanya uchunguzi. Walikuja mabwana watatu na karatasi zao, wakatuita mmoja mmoja. Ngoie aliwaambia hawakurudi ufukweni hata mara moja. Wakamwonyesha: tablo ilijaa, moniteri amesema, mwendesha boti amehesabu, prezida ni shahidi. Jeto ni jeto. Wakaandika kwamba Ilunga na mwanamke huyo walirudi, wakatundika, kisha wakaingia tena majini kwa siri, wawili peke yao, bila ruhusa.

Elewa maana yake katika kambi. Hakufa tena mtu wa nyuma aliyekuwa analinda mwanafunzi wake. Alikufa mume wa mtu aliyekwenda kujificha na mwanamke kwenye visiki.

Ningeweza kusema. Nilikaa kwenye kiti mbele ya wale mabwana, prezida akiwa amekaa pembeni na beji ya chama tawala kifuani, na nilijua nikisema jeto nilizitundika mimi, swali la pili litakuwa nani alikuharakisha. Mwaka uliotangulia mtu wa mtaa wa Kikula alimjibu mkubwa mmoja mbele ya watu, na hatukujua alipelekwa wapi. Hiyo ndiyo sababu ninayojipa. Lakini hata wale mabwana wangeniuliza gizani bila prezida, sidhani kama ningesema. Niliogopa kuitwa muuaji na watu ninaokula nao.

Kwenye kilio mama Monga hakukaa kwenye mkeka. Hakufungua nywele, hakulia. Wakwe walimpigia kelele, akasema wakamwite mwanamke wa ziwani aje alie. Aliziondoa nguo za Ilunga ndani ya nyumba siku ile ile. Mimi nilibeba jeneza, bega la mbele, na watu walisema, tazama urafiki.

Ngoie alifukuzwa na midomo. Hakuna barua aliyopewa, ila wanawake waliacha kuja kushona kwake. Akahamia Kapolowe. Serkle ikafunga safari za kayaki, na popo wakarudi. Papa Saidi aliacha kazi akarudi kwao bila kuniaga. Nami nikapandishwa cheo pale atelye, nikawa mkuu wa timu, na asubuhi nikasimama karibu na tablo kuwaangalia watu wakitundika.

Na mama Monga alinipenda. Hili ndilo linaloniua polepole. Alipopika bukari, ugali wetu, na samaki aliniletea sahani. Aliniita shemeki, yaani shemeji, akasema katika marafiki wote wa mume wake mimi peke yangu nilikuwa mkweli, kwa sababu sikuwahi kumtetea. Nilikula sahani zile. Miaka minane nilizila.

Mwaka jana nikashindwa. Nilipanda taksibasi hadi Kapolowe nikamtafuta Ngoie. Nilimkuta ana cherehani barazani, miwani puani, anapinda kanzu ya mtu. Hakusimama. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, nikasema moja tu kati ya hayo: ni mimi.

“Nilijuaka tangu ile siku,” akasema. Cherehani ikaendelea kidogo, kisha akaisimamisha kwa mkono.

Nikamuuliza alijuaje, naye hakuwa ufukweni.

Akanieleza. Alipopinduka, Ilunga aliruka majini kumsaidia, na kayaki ya Ilunga ikachukuliwa na upepo. Wakabaki wawili wameshika ile moja ya manjano. Yeye Ngoie alitaka kuogelea mpaka kisiki kikubwa. Ilunga akamkataza. Alimwambia shika hapa, usiachie, jeto zetu ziko kwenye kopo, Papa Saidi atakuja sasa hivi. Alikuwa anamchekesha kusudi asiogope. Kisha wakasikia mota.

“Akasema, sikia, njo bao banakuya. Akapiga kelele, akainua mukono. Tukangoya. Kisha mota ikaanza kuenda mbali. Ikaenda, ikaenda. Yee akashusha mukono.”

Ngoie alivua miwani akaifuta kwa kipande cha kitambaa. Alifuta muda mrefu.

“Akaniambia, ametutundikia. Nikamuuliza nani? Akasema, ndugu yangu. Minye namujua. Hakukasirika, weye. Alisema tu vile, sawa muntu anasema leo kuko baridi. Tukakaa tena sana. Alipoona vidole vyangu haviko vya kushika, akasema hakuna mwenye atakuya, acha minye niende kuita. Akaenda.”

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kipigo cha kaka zake. Sikuwa nimejiandaa kusikia kwamba rafiki yangu, akiwa kwenye maji yale ya baridi, alisikia sauti ya mota tu na akajua mkono wangu umefanya nini. Hakuhitaji kuniona. Nilikuwa nimemfundisha mwenyewe kila Jumatatu.

Nilipiga magoti, nikamwomba Ngoie msamaha. Alisema msamaha wake upo kwa mama Monga, niende nikauchukue huko. Kisha akarudi kwenye kanzu yake.

Ilinichukua miezi mingine kumi kutembea nyumba nne, kutoka mlango wangu hadi wa mama Monga. Nilikwenda mchana, yuko uani anapepeta unga. Nilimwambia yote, kopo, jeto mbili, mota, na maneno ya mwisho aliyoyasema mume wake. Nilimwambia Ilunga hakutoka majini na Ngoie hata mara moja, kwamba alikuwa kazini, mahali nilipomweka mimi.

Alisikiliza bila kuniangalia. Aliendelea kupepeta hata pale ambapo unga wote ulikuwa umekwisha kuwa safi. Kisha akaweka ungo chini.

“Shemeki,” akasema, “muliniambiaka bongo, uongo mutupu, nikamuchukia miaka tisa. Nilikataa kumulia. Sura yake nimeisha kuisahau, na photo yake nilichoma. Sasa weye uniambie, nimulie namna gani?”

Nilingoja aseme jambo jingine, anitukane, aite watu. Alikaa tu mikono mapajani anatazama ukuta, akijaribu, na machozi hayakuja. Nilimwacha hapo. Siku hizi nikipita haniiti shemeki, na haniiti jina lolote.

Naandika haya kwa ajili ya mlio na watu chini ya mikono yenu. Mwenye kuongoza watu majini, mwenye kuhesabu wachimbaji wakitoka shimoni, mwenye kufunga mlango wa kamio. Ukiona msumari mtupu, uache mtupu. Mkubwa akasirike, wageni wachoke, rafiki yako achekwe na kambi nzima, mkewe amngojee na mwiko mlangoni. Atavumilia hayo yote akiwa hai.

Atelye bado wanatundikiana. Jumatatu iliyopita fundi mmoja alinyoosha mkono kutundika jeto ya mwenzake kwenye msumari nikiwa nimesimama nyuma yake. Nilimshika mkono, akacheka, akasema, “Shefu, iko njiani, anakuya.” Nikataka kumweleza, nikaacha. Nilibaki nimemshika mkono ule, jeto ikiwa bado kiganjani, mpaka karani akafika na daftari akaukuta msumari mtupu.